Kuchagua mashine ya MIG ya kufufulia gari la zamani



Ukiingia katika karakana yetu hapa Kamuli, wilayani Kyerwa, nyuma ya mlango mkono wa kushoto utakuta mashine kubwa ya kuchomelea yenye magurudumu manne. Ilitoka Ulaya, ni imara, na waliotutumia walifanya hivyo kwa moyo mwema. Juu yake tumepanga makopo ya rangi. Tangu ifike haijawaka hata siku moja, kwa sababu inataka umeme wa njia tatu, na waya unaoingia kwetu ni wa njia moja tu. Gharama ya kuitoa bandarini na kuisafirisha mpaka huku ilitolewa na wanajumuiya kutoka katika mauzo ya kahawa zao. Kwa fedha hiyo tungepata dukani mashine ndogo ambayo leo ingekuwa inafanya kazi.

Tunaanza na habari hii, ingawa inatuaibisha kidogo, kwa kuwa katika miezi ya karibuni tumepokea maswali ya aina moja kutoka pande mbili. Kamati za parokia zinauliza wanunue mashine gani ya MIG ili kufufua magari yao yaliyooza bodi. Marafiki zetu wafadhili nao wanauliza kama watutumie nyingine, na iwe kubwa kiasi gani. Wapo pia watu binafsi, kama mwalimu mmoja mstaafu mwenye Land Rover iliyolala nyuma ya migomba yake miaka mingi, ambao wangependa kufanya kazi hiyo wenyewe nyumbani jioni na siku za mapumziko. Jibu letu kwa wote ni moja: usianze na ukubwa wa mashine. Anza na unene wa bati, kisha umeme ulio nao ukutani, kisha gesi utaipata wapi. Mambo hayo matatu yakijulikana, mashine inajichagua yenyewe.

Kwa nini MIG, wakati vijiti vipo?

Mafundi wetu wengi wamezoea mashine ya vijiti. Nyingine zimesukwa hapa hapa nchini kwa nyaya za shaba na vyuma vya transfoma, na zinatengeneza mageti, madirisha na matela bila shida. Hatuzidharau. Kwa chesisi ya gari, yenye unene wa milimita 2 hadi 3, kijiti kikishikwa na mkono uliozoea kinatoa kiungo kizuri kabisa.

Shida inaanza kwenye bodi. Bati la mlango au la madigadi lina unene wa kama milimita 0.7 hadi 1. Ukiligusa kwa kijiti cha kawaida unapata tundu, na ukijaribu kuziba tundu hilo unapata tundu kubwa zaidi. Mafundi wa bodi wa siku nyingi hutumia gesi ya kabaidi na oksijeni. Hiyo inaunga bati jembamba, lakini moto wake unasambaa mbali, na bati linajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Fundi hodari analinyoosha kwa nyundo. Asiye hodari anaficha mikunjo kwa kuipaka plasta nene ambayo baada ya msimu mmoja wa mvua inadondoka.

MIG inafanya kazi kwa namna nyingine. Mashine inasukuma waya mwembamba kutoka kwenye roli, unapita ndani ya bomba la tochi na kutokea kwenye ncha ya shaba. Ukibonyeza kitufe, mambo matatu yanaanza kwa pamoja: waya unatembea, umeme unawaka kati ya waya na bati, na gesi inatoka kuzunguka moto ili hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka. Ukiachia kitufe, vyote vinasimama. Kwa hiyo fundi anaweza kupiga doa moja la nusu sekunde, akaacha bati lipoe, kisha akapiga jingine mbali kidogo. Uwezo huo wa kupiga doa na kuacha ndio hasa tunaoununua.

Njia hii ilibuniwa mwaka 1948 huko Ohio, Marekani, katika taasisi ya Battelle, kwa ajili ya kuunga alumini. Gesi zake wakati huo zilikuwa ghali. Ilipogunduliwa mwaka 1953 kwamba kaboni dioksidi nayo inafaa kwa chuma cha kawaida, gharama zikashuka na MIG ikaenea viwandani na katika gereji. (Wataalamu watasema kwamba ukitumia kaboni dioksidi jina sahihi ni MAG. Wana haki, ila dukani ukiomba MAG utaangaliwa tu.)

Gari linaozea wapi

Kabla ya kununua chochote, lala chini ya gari na bisibisi na nyundo ndogo. Huku kwetu hakuna chumvi ya bahari. Kinachoozesha magari ni udongo. Katika vuli na masika barabara za vumbi zinageuka tope, tope linajaza matao ya magurudumu, pembe za sakafu na vizingiti vya milango, kisha linabaki na unyevu wiki nyingi hata jua likiwaka. Gonga kwa nyundo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kopo lenye mchanga. Choma kwa bisibisi, na bisibisi ikizama, bati hilo halichomelewi bali linakatwa mpaka ufikie chuma kinachong'aa. Kupachika bati jipya juu ya kutu ni kupoteza waya na gesi.

Hapo ndipo utakapojua kazi yako ni ya aina gani. Katika Land Cruiser ya zahanati tuliyoifanyia kazi, karibu yote ilikuwa sakafu, vizingiti na pembe za milango, yaani bati jembamba. Sehemu mbili tu za chesisi ndizo zilihitaji moto mkubwa. Kazi kama hiyo inafanyika kwa ampea 30 hadi 60, na mara chache 100. Ndiyo maana tunasema tarakimu muhimu kuliko zote kwenye mashine ya bodi ni ile ya chini. Mwuzaji atakuonyesha kwa fahari maandishi ya 200 au 250. Wewe mwulize inashuka mpaka ngapi. Ikiwa haishuki chini ya ampea 50, itakutobolea milango hata iwe ya bei gani.

Mwenye Land Rover lazima ajue jambo jingine. Gari hilo lilipoanza mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi yake ikatengenezwa kwa alumini. Mpaka Defender ya zamani ilipoacha kutengenezwa mwaka 2016, hali ilikuwa hiyo. Alumini haiungwi kwa waya wa chuma wala kwa kaboni dioksidi. Inahitaji waya wa alumini, gesi ya agoni tupu, na njia laini ya waya ndani ya tochi, kwa sababu waya huo ni mlaini na hujikunja njiani. Hatushauri mtu wa nyumbani aanze huko. Habari njema ni kwamba alumini haishiki kutu kama chuma. Kinachoangusha Land Rover ni chesisi yake ya chuma, ambayo ni kama boksi refu linaloozea ndani kwa ndani, na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria. Hivyo viwili MIG ya kawaida inavimudu. Unaporudisha mabati ya alumini, weka mpira au rangi nzito kati yake na chuma, kwani vikigusana penye maji alumini ndiyo inayoliwa.

Umeme ulio nao ukutani

Tunaomba wanakamati wasome sehemu hii polepole, kwa kuwa hapa ndipo sisi tulipokosea.

Umeme wa kawaida wa nyumbani Tanzania ni volti 230, na plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba inabeba ampea 13. Ampea za ukutani na ampea za kwenye tochi si kitu kimoja. Kwenye tochi volti ni ndogo, ampea ni nyingi. Kwa makadirio ya mashine ndogo ya kawaida, ukichomelea kwa ampea 40 unavuta ukutani kama ampea 5. Ukipanda hadi 100 unavuta kama 15. Ukipanda hadi 160 unavuta kama 27. Maana yake ni kwamba kazi ya bodi inawezekana kwenye soketi ya kawaida, kazi ya chesisi inagusa mpaka wake, na mashine ya ampea 200 ikifunguliwa yote itaangusha sakiti breka au itaunguza soketi. Ukitaka kuitumia hivyo, lazima fundi umeme akuvutie waya wake peke yake kutoka kwenye boksi kuu.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba volti 230 zipo kweli. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi ulitegemea umeme ulionunuliwa Uganda, na umeme ulipofika vijijini laini zilikuwa ndefu na wateja wakazidi kuongezeka. Mwanzoni tulidhani mashine yetu ni mbovu kwa kuwa asubuhi ilichomelea vizuri na jioni ikawa inatema cheche na kukwama. Tulipopima kwa mita wakati wa chakula cha jioni tukakuta volti 185. Mashine haikuwa na kosa lolote. Tangu hapo tunachomelea asubuhi.

Kwa sababu hiyo tunapendelea mashine za inveta kuliko zile za transfoma. Ya transfoma ni nzito na ni ngumu kuharibika, lakini volti zikishuka ukutani, moto nao unashuka vilevile, na hakuna unachoweza kufanya. Inveta nzuri inajirekebisha yenyewe. Baadhi zimeandikwa kwamba zinavumilia kushuka kwa volti kwa kiasi kikubwa na kwamba zinarekebisha namna ya kuvuta umeme, na hizo kwa ampea 100 za tochi zinavuta ukutani kama 10 au 11 badala ya 15. Zina bei zaidi. Kwa kijiji kilicho mwisho wa laini, hilo ni ongezeko tunaloliunga mkono kabla ya mengine yote. Ubaya wa inveta ni vumbi. Feni yake inavuta kila kitu, na unga wa grinda ukiingia kwenye saketi mashine inakufa. Iweke mbali na grinda, na ipulizwe hewa kavu kila mwezi.

Waya wa kurefushia nao ni sehemu ya mashine. Waya wa mita 30 wenye unene wa milimita 1 za mraba, ukibeba ampea 15, unapoteza kama volti 16 njiani. Wa milimita 2.5 unapoteza kama volti 7. Utandaze wote hata kama unahitaji nusu yake, maana ukibaki umezungushwa kwenye roli unapata joto na plastiki yake inayeyuka. Kwa jenereta, kVA 5 inatosha kazi zote tulizozitaja. Ndogo zaidi itaweza bati jembamba tu.

Na vipi kuhusu njia tatu? Tuliuliza. Gharama ya kuvuta laini hiyo mpaka karakana ilizidi thamani ya mashine iliyopo nyuma ya mlango.

Gesi, na mizani

Mtu anayeishi Dar es Salaam hawezi kuelewa kwa nini tunaandika sana juu ya gesi. Nchini kwetu kaboni dioksidi huvunwa kutoka ardhini wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, katika eneo la volkano, na kampuni ya TOL Gases. Wengine wataikumbuka kwa jina la Tanzania Oxygen, kampuni ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998. Gesi hiyo hiyo ndiyo inayotia povu kwenye soda. Ukitazama ramani utaona Rungwe na Kyerwa zimekaa pembe mbili za nchi zinazoelekeana. Kwa hiyo kabla kamati haijanunua mashine, mjumbe mmoja aende mjini akaulize maswali manne: nani anajaza mtungi, anajaza kila lini, je mtungi unanunuliwa au unaazimwa kwa dhamana, na regyuleta yake ina nati ya namna gani. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Mtungi wenye kilo 10 za kaboni dioksidi unatoa kama lita 5,400 za gesi. Tochi ikitumia lita 10 kwa dakika, hizo ni saa tisa za moto unaowaka. Inaonekana kidogo, lakini katika kazi ya bodi muda mwingi unakwenda kwenye kukata, kupinda na kusugua. Siku nzima ya kuunga sakafu moto wenyewe unawaka kama nusu saa. Mtungi mmoja uliolindwa vizuri unaweza kumaliza gari zima. Tunasema uliolindwa kwa sababu tuliwahi kuacha valvu wazi usiku, na asubuhi tukakuta mtungi mwepesi.

Kuna jambo moja la kaboni dioksidi linalowapotosha wengi. Ndani ya mtungi ipo kama maji, na geji inaonyesha mgandamizo ule ule, karibu baa 57 katika joto la nyuzi 20, mtungi ukiwa umejaa au ukiwa umebaki robo. Geji inaanza kushuka maji hayo yakishaisha, yaani ukiwa umechelewa. Njia ya kujua kilichomo ni kupima uzito. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo yake. Mizani inayopima magunia ya kahawa inatosha kabisa, na tunashauri mtungi upimwe pale pale unapojazwa, mbele ya aliyeujaza, kabla fedha haijatolewa.

Wapo wanaochukua mtungi wa kuzimia moto na kuutumia kama mtungi wa gesi. Tunawasihi waache. Ule una bomba la ndani linalochota maji ya chini badala ya mvuke wa juu, nayo yanagandisha regyuleta. Tena siku moto ukitokea kweli mtakuwa hamna cha kuzimia.

Mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi unatoa moto mtulivu na cheche chache, na kwa bati jembamba ni bora. Tumeujaribu na tuliupenda. Lakini kaboni dioksidi tupu inafanya kazi hiyo kwa usafi wa kutosha, ikiwa fundi atapunguza moto na kuvumilia kusugua cheche.

Halafu kuna waya usiohitaji gesi, wenye unga ndani yake ambao ukiungua unatoa moshi wa kuukinga moto. Wauzaji wanaupenda kwa sababu unauza mashine bila mtungi. Una nafasi yake: nje penye upepo, ambapo gesi ingepeperushwa, au pale gari limekatika mbali na mtungi. Kwa chesisi unafaa. Kwa milango tumeuona ni mkali, unatoboa na kuacha maganda. Unapoutumia lazima ubadilishe nyaya za chanya na hasi ndani ya mashine, na hili mafundi wengi hawaambiwi, wakadhani waya ni mbovu. Ushauri wetu ni kununua mashine inayokubali vyote viwili, na vijiti pia, kisha kuutunza waya wa unga kama akiba.

Vipuri, na kibao cha nyuma

Waya wa milimita 0.6 ndio bora kwa bodi, ila si kila duka linao. Wa 0.8 unapatikana kwa urahisi na unatosha, kwa kupiga madoa. Hakikisha magurudumu yanayosukuma waya yana mifereji ya saizi zote mbili. Chagua mashine inayobeba roli ya kilo 5, siyo ile ya kilo 1 peke yake, kwa sababu kilo 1 ni ghali kwa mahesabu. Kilo 5 za waya wa 0.8 ni zaidi ya mita 1,200. Waya unashika kutu kama gari, na waya wenye kutu unakwama njiani, hivyo kazi ikiisha roli itolewe na kuwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko.

Tochi iwe ya aina inayotumia vipuri vya kawaida. Kwa mashine ndogo ni ile inayoitwa MB15, ambayo ncha zake za shaba zinauzwa na watu wengi. Ncha ni kitu cha bei ndogo kinachosimamisha kazi kubwa, kwa hiyo nunua kumi siku ile ile ya mashine.

Nyuma ya mashine kuna kibao chenye tarakimu, na hapo ndipo ukweli ulipo, siyo kwenye rangi ya boksi. Tafuta asilimia ya kazi. Ikiandikwa asilimia 20 kwa ampea 150, maana yake katika kila dakika 10 utachomelea dakika 2 na kuipumzisha 8, katika joto la nyuzi 40. Kwa madoa ya bodi hilo si tatizo. Kwa anayetaka kutengeneza mageti kutwa ni tatizo kubwa. Tafuta pia U1, yaani volti inazotaka. Ikiwa ni 400 pamoja na alama ya 3, hiyo ni njia tatu, ndugu yake ile ya nyuma ya mlango. Mwisho tafuta I1eff. Isizidi 13 ikiwa utatumia soketi ya kawaida.

Macho, mapafu na tenki

Moto wa kuchomelea unaunguza macho kama jua, na maumivu yanakuja usiku, mgonjwa akihisi mchanga machoni. Fundi anajikinga, lakini watoto wanaokuja kutazama cheche hawana kinga. Funga pazia la turubai au simamisha bati kuzunguka kazi. Kwa kofia ya kuchomelea, kioo namba 10 au 11 kinafaa. Miwani ya jua haifai hata kidogo.

Mabati ya paa yamepakwa zinki. Ukiyachomelea ndani ya chumba kisicho na hewa, moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka jioni hiyo. Wengi wanakunywa maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, ila hayaondoi moshi mapafuni. Sugua zinki kwanza, kisha fanyia kazi nje. Usisafishe bati kwa dawa ya kusafishia breki kisha ukachomelea papo hapo, kwani baadhi ya dawa hizo zikikutana na moto huo zinatoa gesi inayoua. Betri itenganishwe. Tenki la petroli litolewe kabisa na kupelekwa mbali, hata kama limekaa tupu miezi, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliobaki.

Kwa kamati na kwa wafadhili

Tulichonunua hatimaye ni inveta ya njia moja, ya ampea 160, inayoshuka mpaka 30, yenye waya wa gesi, waya wa unga na vijiti. Katika bajeti yetu mashine haikufika nusu. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye mtungi na regyuleta, waya wa kurefushia wa 2.5, fundi umeme, kofia mbili, glavu za ngozi, grinda, roli mbili za waya na ada ya kijana mmoja kwenda kujifunza uchomeleaji VETA. Tunawaomba kamati ziandike maombi yao hivyo, mstari kwa mstari, zisiandike "mashine ya kuchomelea" peke yake.

Kwa marafiki wa mbali tunasema kwa upendo: kabla hamjatuma mashine, tutumieni picha ya kibao cha nyuma. Tutawajibu kwa wiki moja kama inafaa. Mara nyingi mtungi uliojazwa na ada ya mwanafunzi vitatusaidia kuliko chuma cha kilo 80 kutoka ng'ambo. Ile kubwa tunazungumza na karakana moja ya mjini yenye njia tatu, tubadilishane nayo kwa mashine ya kukunjia mabati, ambayo haihitaji umeme kabisa.

Sakafu ya Land Cruiser imekwisha, imebaki rangi ya chini. Kila Jumamosi asubuhi, umeme ukiwa na nguvu, mjumbe yeyote wa kamati anaweza kuja kujaribu mashine kwa mkono wake kabla ya kununua ya kwao. Aje na kipande cha bati kilichokatwa kwenye gari lake mwenyewe. Asije na bati la paa.